Moteri Tuliyoizika

Mwezi uliopita nilikuwa Lubumbashi kwa harusi ya mjukuu wa shangazi yangu, na mbele ya duka la vitambaa nikaona gari iliyonisimamisha papo hapo. Ndogo, ya mviringo, rangi ya maziwa, taa mbili za mbele zimetoka kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla. Nikasema kwa sauti, peke yangu barabarani: jamani, Kobe wa Baba! Nilikuwa nimebeba mapazia na maua ya plastiki ya bibi harusi. Nikayaweka chini vumbini, nikaizunguka ile gari mara moja, nikaizunguka tena, mpaka mlinzi wa duka akaanza kunitazama vibaya.

Mwenye gari akatoka. Msichana tu, miwani ya jua kichwani, funguo mkononi. Hata salamu sikumpa vizuri.

"Binti yangu, unaweza kunifungulia niangalie moteri?"

"Iko na shida gani, mama?"

"Haina shida. Mi nataka tu kuiona."

Vijana wa siku hizi wana heshima, msiwasingizie. Akakubali. Mimi nikawa nimeshakwenda nyuma, nimeinama kabisa, nangoja. Yeye akaenda mbele. "Mama, moteri iko huku." Mbele! Akainua kapo, kile kifuniko cha mbele, na kweli, imejaa pale mbele, mipira na plastiki nyeusi na chupa ya maji. Nikasogeza pua. Haikunuka kitu chochote.

"Hii ni ya kisasa," akanieleza kwa upole, jinsi unavyomweleza mgonjwa. "Ile ya zamani waliacha kutengeneza, halafu watu wakailia sana, basi wakachora hii. Walichukua sura tu. Ndani ni gari kama zingine."

"Kumbe. Basi hii hauwezi kuizika."

"Kuizika, mama?"

Nikaanza kucheka, na kicheko kikageuka hapo hapo, machozi yakawa yananitoka mbele ya mtoto wa watu asiyenijua. Akanishika bega, akaniuliza kama amwite mtu. Nikamwambia hapana, nilikuwa na mama yangu na gari moja ya bluu, na mambo yao ni marefu.

Gari ya Baba tuliiita Kobe. Waliosoma walisema kokisineli, jina lake la Kifaransa, lakini mji wetu mzima wa Baraka ulisema Kobe wa Mzee Saidi, na tulimtaja kama mtu: Kobe amekuja, Kobe amelala, Kobe leo hataki. Baba aliuza mafuta ya mawese. Aliyachukua Lubondja kwa wakulima, akayashusha mpaka ziwani, na mtumbwi wake ukayapeleka Kalemie. Huko Kalemie ndiko alikompata Kobe, kabla mimi sijazaliwa, kwa daktari mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao na ambaye Baba alikuwa amembebea wagonjwa wake kwa mtumbwi miaka mingi. Barabara ya kumleta haikuwepo. Wakafunga mitumbwi miwili mikubwa ubavu kwa ubavu, wakalaza mbao juu, wakampandisha Kobe juu ya mbao. Na Baba akakaa ndani! Njia yote, kutoka Kalemie mpaka Kazimia ambako barabara ya Baraka inaanzia, amekaa mbele ya usukani, ameushika kwa mikono miwili, anaangalia ziwa, kana kwamba asipoendesha yeye watapotea. Watu wa Kazimia walipoona gari inakuja juu ya maji na shofa wake ndani walikimbia ufukweni wakipiga kelele. Hadithi hiyo Baba aliisimulia mpaka wageni wakawa wanaimalizia wao.

Ninyi wa umri wangu mnamkumbuka Kobe wa aina ile. Mnakumbuka sauti yake ya cherehani. Malori ya watu yalichemka kwenye mlima wa kwenda Fizi, mashofa wakashuka na bidoni kutafuta maji mtoni, na Kobe akawapita pembeni, kwa sababu yeye hakunywa maji, alipoa kwa upepo tu. Moteri yake ilikaa nyuma, ikamsukuma. Mbele, pale ambapo gari zote huweka moteri, Baba aliweka bidoni zake za mawese. Kwa hiyo alinuka vitu viwili, mawese na esanse, yaani petroli, na mpaka leo mtu akikaanga ndizi karibu na kituo cha esanse mimi nageuka kumtafuta Baba.

Lakini kitu Baba alichokisifu kuliko vyote ni kwamba moteri nzima ilishikwa na boloni nne za kukaza kwa spana. Nne tu! Legeza boloni nne, wanaume wawili wanaibeba. "Suruali yangu iko na vifungo mingi kupita hii moteri," aliwaambia watu, na kama hawakuamini aliwaonyesha vifungo.

Mama alimwita Kobe muke mwenzangu. Baba akichelewa uani Ijumaa akimwosha, Mama anaita kutoka jikoni:

"Baba batoto! Muke mwenzangu ameisha kuoga? Na mi niko nangoja maji!"

"Ngoja kidogo, nimalize mugongo."

"Mugongo wangu mimi nani anaosha?"

Shangazi Zaina, dada yake Baba aliyekaa nasi, anacheka mpaka anashika ukuta. Mimi sikucheka, kwa sababu niliamini. Nilikuwa na miaka kama sita. Jirani yetu mmoja alikuwa na wake wawili, kwa hiyo sikuona ajabu Baba naye awe na wawili, mmoja jikoni na mmoja uani. Mama alimpa Kobe salamu akipita. Siku Kobe alipokataa kuwaka, Mama alimpiga kofi la mgongo na kumwambia aache uvivu, naye akawaka. Kwangu mimi huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.

Halafu vita vikatufikia. Sitavieleza, mnavijua. Nitaeleza asubuhi moja tu, kwa sababu kila kitu kilitoka pale.

Habari zilikuwa zimefika kwamba watu wenye silaha wanachukua kila gari inayotembea. Mtumbwi wa Baba ulikuwa umeshapakiwa vyombo ufukweni. Baba akamwita Fundi Wilondja, jirani yetu mlokole aliyetengeneza baiskeli, mtu wa kucheka polepole. Wakainua mgongo wa Kobe. Wakalegeza boloni nne. Kabla chai haijapoa, moteri ilikuwa chini juu ya mkeka, na mimi nimesimama pale nimeshika sketi yangu, naona moyo wa Kobe umetolewa.

"Gari wataiona, wataiacha," Baba alisema. "Gari bila moteri ni sanduku. Mama, letea shuka nyeupe. Ile nzito."

"Shuka yangu ya harusi?" Mama akaweka mikono kiunoni. "Shuka ya harusi nimupe muke mwenza? Ee Mola, mi nilikosa wapi?"

Lakini aliileta. Na si hivyo tu. Alileta ndoo ya mawese, akapiga magoti kwenye mkeka, akasukuma wanaume pembeni kwa sababu walikuwa wanapaka ovyo, akaipaka moteri mwenyewe kwa mikono yake, kila kona, mpaka mikono ikawa myekundu hadi viwikoni. Alipaka kama anavyopakwa mtoto mchanga. Kisha wakaifunga na ile shuka, wakaifunga tena na bashi la turubai, wakaishusha kwenye shimo nyuma ya jiko. Baba akasema bismillahi. Wilondja naye akaomba kimoyomoyo kwa njia yake. Wakafukia, wakamwaga majivu ya jikoni juu.

Nikaanza kulia. "Baba, Kobe amekufa?"

Baba akachuchumaa mbele yangu. Maneno yake nayakumbuka yote, na nitayakumbuka mpaka nami nifukiwe.

"Hajakufa, mama yangu. Tumemuficha udongoni ili batu babaya basimuchukue. Tumemupaka mafuta ili asioze. Vita ikiisha tutarudi, tutamutoa, na atawaka."

Mama akaweka kiganja juu ya majivu, akaacha alama ya mkono mwekundu. "Lala vizuri, muke mwenzangu," akasema. "Tutarudi."

Tukavuka ziwa. Tukafika ng'ambo, tukapewa hema kati ya mahema ya watu wa kwetu. Msimu wa mvua wa kwanza Mama akashikwa na homa. Siku tatu. Siku ya nne asubuhi nikakuta hema letu limejaa wanawake, na mimi nikatolewa nje nikawekwa kwa jirani.

Sasa, kwetu sisi Waislamu wa Baraka wanawake hawaendi makaburini, na watoto ndio kabisa. Wanaume huondoka na mtu wako, wewe unabaki na akina mama, na kile kinachofanyika kule hukioni. Mimi niliona kipande kimoja tu, kupitia tundu la hema la jirani: wanaume wamebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa shuka nyeupe, Baba yuko mbele, wanakwenda haraka.

Shangazi Zaina alikuja kunichukua, macho yamevimba. Akanipakata. "Mama yako amepumzika," aliniambia. "Wamemuweka udongoni."

"Mumemupaka mafuta?"

Najua sasa alidhani nini. Alidhani nauliza manukato, yale ambayo wanawake walikuwa wametafuta mahema yote mpaka wakapata kichupa. "Ndiyo, mama yangu. Tumemupaka mafuta mazuri kabisa."

"Na shuka ni nyeupe?"

"Nyeupe. Mupya."

Basi sikulia. Kwa nini nilie? Kila kitu kilikuwa kimefanywa sawasawa. Watu wabaya walikuwa wengi, Mama alikuwa mzuri, Baba amemficha. Vita vikiisha tutamtoa. Niliona hata huruma kwa Shangazi, mtu mzima analia namna ile wakati jambo liko wazi. Wanawake walinitazama nikila uji wangu wakanong'onezana kwamba mtoto huyu ana roho ngumu, hamlilii hata mama yake. Niliwasikia. Nilijisemea moyoni kwamba hawajui kitu, wao hawajawahi kuwa na gari.

Nilipoanza kwenda kuni na wasichana wakubwa tulipita kando ya makaburi, na nilijua lake kwa sababu nilikuwa nimemuuliza Baba na yeye akanionyesha kwa kidole kutoka mbali. Nikakariri kama sura ya Kurani: bomba la maji, kichuguu, mti uliokatwa, mstari wa tatu. Niliogopa jambo moja tu, kwamba tutarudi kumtoa na mimi nitakuwa nimesahau ni wapi. Na kila asubuhi, kabla ya chai, nilimuuliza Baba: "Vita imeisha?"

"Bado, mama yangu."

Mpaka akawa anawaambia wazee wenzake kwa fahari: "Huyu mutoto wangu anapenda Baraka kupita sisi bote." Nikikumbuka hilo natamani ardhi ipasuke.

Mvua ya pili nayo ikapita hivyo. Halafu siku moja Baba akasema twende nyumbani. Mtauliza kwa nini sikudai Mama siku hiyo hiyo. Kwa sababu nilikuwa na akili! Mama aliondoka na homa, hawezi kutembea, tungembeba na nini? Lazima kwanza tumtoe Kobe. Kobe awake, halafu turudi naye kumchukua Mama akiwa amekaa vizuri kwenye kiti. Tulipopita pale kwenye makaburi na mizigo yetu nilisimama kidogo nikasema yale maneno aliyoyasema mwenyewe. "Lala vizuri, Mama. Tutarudi." Shangazi alinisikia, akaniambia mtoto mzuri.

Baraka tulikuta nyumba haina paa upande mmoja. Kobe alikuwepo uani, vioo vyote vya pembeni vimeng'olewa, kuku ametaga kwenye kiti cha nyuma. Kapo ya mbele ilikuwa wazi. Walikuwa wamefungua mbele, wamekuta tupu, wameondoka. Baba alicheka mpaka akakaa chini. "Walitafuta moteri mbele!" alimwambia Wilondja, ambaye alikuwa ametangulia kurudi. "Wajinga bale, walitafuta mbele!" Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Baba anacheka tangu ng'ambo.

Wakachimba nyuma ya jiko. Bashi likatoka, limetoboka kidogo. Shuka ikatoka. Mawese yalikuwa yameganda mazito, ya rangi ya chungwa, na harufu ikatupanda wote puani, na ndani yake, Baba alipofuta kwa kidole, chuma kikang'aa. Hakuna kutu. Mahali pengine mafuta yalikuwa yameshika alama za vidole, vidole vyembamba, na Baba alipoviona aliacha kufuta, akamwachia Wilondja kazi, akaenda kusimama ukutani.

Mimi nilikuwa nimeona nilichotaka kuona. Inafanya kazi! Miaka yote ile chini, na hajaoza.

Waliisafisha siku tatu. Siku ya nne mtaa mzima ulikuja uani. Boloni nne. Baba akakaa ndani, akageuza ufunguo. Kobe akakohoa, akanyamaza. Akakohoa tena. Mtu mmoja akasema imekwisha hiyo. Mara ya tatu, moshi mweupe ukatoka nyuma, uani kote kukanuka kama mtu anakaanga ndizi, na ile sauti ya cherehani ikaanza. Wanawake wakapiga vigelegele. Wilondja alikuwa anaruka, mtu mzima, analia na kusema haleluya, na Baba anapiga honi iliyokuwa haina sauti.

Nikaingia ndani ya nyumba. Nilikuwa nimeshatayarisha vitu vyangu tangu jana: kitenge cha Mama, nimekifua mwenyewe, na jembe. Nikatoka navyo, nikapita katikati ya watu, nikafungua mlango wa Kobe, nikakaa kando ya Baba, jembe kati ya magoti.

"Haya, Baba," nikasema. "Twende sasa."

"Twende wapi, mama yangu?" Alikuwa bado anacheka.

"Kumutoa Mama."

Watu wa karibu walisikia, wakawanyamazisha wa mbali. Ikabaki sauti ya Kobe peke yake. Nikadhani amesahau mahali, nikamsaidia: bomba la maji, kichuguu, mti uliokatwa, mstari wa tatu. Nikamwonyesha kitenge, kwamba avae hiki, ile shuka itakuwa na mafuta. Shangazi Zaina akafunika uso kwa ushungi wake, na sauti iliyomtoka sijawahi kuisikia kwake tena.

Baba alinitazama. Alitazama jembe, akanitazama tena. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani, nayo ina rangi ya mawese. Nilidhani ataniambia nishuke.

"Funga mulango," akasema.

Tukatoka uani. Shangazi alikimbia nyuma yetu akiita, "We Saidi! Saidi! Unaenda wapi na mutoto?" Baba hakugeuka. Akashika barabara ya Kazimia. Hakusimama sokoni, hakusimama darajani, hakumjibu mtu aliyempungia mkono, na kwenye mashimo hakupunguza hata kidogo, yeye ambaye alizoea kumbembeleza Kobe kama yai. Nilimwuliza kama ni mbali. Akasema, "Si mbali." Nilifurahi njia nzima. Nilifikiria nitakavyomwambia Mama habari za yule kuku.

Kazimia barabara inaishia ziwani. Baba aliendesha mpaka matairi ya mbele yakawa kwenye mchanga uliolowa, akazima. Akashuka. Nikamwona anakwenda kwa mwenye mtumbwi mmoja aliyekuwa anapakia samaki, anamwambia kitu, ananyoosha mkono kwa Kobe, ananyoosha mkono kwa maji. Yule mtu akacheka. Kisha akamtazama Baba usoni, akaacha kucheka, akamshika mkono.

Baba aliporudi hakuingia. Alifungua mlango wangu, akachuchumaa mchangani, jinsi alivyochuchumaa asubuhi ile nyuma ya jiko.

"Mama yako hatatoka," akasema.

"Vita imeisha. Ulisema."

"Nilisema ya moteri. Moteri ni chuma, mwanangu. Chuma kinaweza kungoja. Mama yako hatukumuficha. Alikufa."

"Lakini mumemupaka mafuta."

"Tulimupaka."

"Labda yalikuwa kidogo. Tukipaka mawese mingi?"

"Hata mawese yote ya Lubondja."

Nikalia. Nililia kilio cha misimu miwili kwa siku moja, na nilimpiga Baba ngumi kifuani, nikamwita mwongo, na yeye alibaki amechuchumaa, hakunizuia, machozi yanamshuka ndevuni. Nilimlilia Mama siku ile, si kabla. Kwangu mimi Mama alifia Kazimia, mchana, mbele ya watu wa samaki. Nililala kwenye kiti cha nyuma nimejifunika kitenge chake. Tulilala kwa ndugu wa Baba palepale, na asubuhi tukarudi. Shangazi alitukuta mlangoni, akanibeba ingawa nilikuwa mkubwa wa kubebwa. Jembe halikurudi. Alilitafuta wiki nzima, akamshuku kila jirani.

Kobe aliendelea kufanya kazi miaka mingi. Alibeba mawese, alibeba maharusi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Watu walipomletea Baba maneno ya kuoa tena alisema, "Niko naye mumoja tayari, anasimama uani." Sasa amechoka, vipuri hakuna, na Wilondja tulishamzika. Baba amemjengea Kobe kibanda cha bati. Kila asubuhi baada ya chai anaingia ndani, anakaa mbele ya usukani, anasikiliza redio ndogo aliyoiweka pale kwenye kioo.

Basi niliporudi kutoka Lubumbashi nilimkuta humo humo. Nikamwinamia dirishani nikamsimulia ile gari ya msichana, rangi ya maziwa, taa zilezile, mgongo uleule.

"Na moteri?"

"Iko mbele, Baba."

"Mbele!" Akacheka, meno yaliyobaki yakaonekana yote. "Na boloni ngapi?"

"Hata sikuona boloni. Ni plastiki tu."

"Hiyo hauwezi kuizika."

"Njo nilivyomuambia."

Tukacheka pamoja. Kisha akazima redio. Akawa anazungusha usukani kidogo kidogo, kushoto, kulia, magurudumu hayana upepo.

"Ile siku ya jembe," akasema, "unaikumbuka?"

"Naikumbuka. Ulinipeleka Kazimia kunieleza."

"Hapana." Hakunitazama. Alikuwa anaangalia mbele, kwenye ukuta wa jiko. "Kukueleza kulinifikia pale pale, kwenye maji. Mi sikutoka nyumbani kwenda kukueleza. Yule mwenye mutumbwi, unajua nilimuambia nini? Nilimuuliza kama anaweza kufunga mitumbwi miwili."

Nilishika mlango tu.

"Akaniuliza, Mzee, gari hii unaipeleka ng'ambo kufanya nini? Nikafungua kinywa nimujibu. Hapo njo nilisikia mwenyewe kile nilitaka kusema." Akaachia usukani. "Jembe nililitupa ndani ya ziwa wakati umelala. Niliogopa kesho nitaanza tena."

Nikazunguka, nikafungua mlango wa pili, nikaingia, nikakaa mahali pangu. Ndani bado kunanuka mawese. Baba akaweka mkono wake juu ya wangu, mwepesi, umekauka.

"Uliiona," akasema. "Ulikuwa pale, uliiona. Mvua mbili chini ya udongo, na iliwaka."

"Niliiona, Baba," nikamwambia. "Iliwaka."